Mzaha Unapofia Katika Tafsiri: Uhakiki wa Michezo ya Maneno kama Njia ya Kujifunza Msamiati wa Kiingereza

UTANGULIZI

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza rai moja ambayo imekubaliwa na walimu wengi pasipo kupimwa, nayo ni kwamba mwanafunzi wa Kiingereza hupata msamiati kwa wepesi zaidi akifundishwa kwa mizaha, vitendawili, mafumbo ya mraba na visa vya ajabu juu ya asili ya maneno. Rai hii ina mvuto wake. Mwalimu aliyechoshwa na orodha za maneno huipokea kwa shukrani, na mwanafunzi aliyezoea kukariri huiona kuwa ni mapumziko. Walakini mvuto si hoja. Iko michezo inayomfunza mtu lugha, na iko mingine inayomfunza mchezo tu. Na mwalimu asiyetenganisha hiyo na hii hupoteza saa nyingi za watoto wa watu.

Dai letu ni kwamba mchezo wa maneno aghalabu haumpi mwanafunzi neno jipya. Humwonyesha jinsi neno ambalo tayari analo linavyofanya kazi ndani ya mfumo wake. Ikiwa ni hivyo, basi kwa mwanafunzi asemaye Kiswahili mzaha wenye manufaa kuliko yote ni ule unaokufa mara tu unapotafsiriwa, kwa sababu pale unapofia ndipo Kiingereza na Kiswahili vinapoachana katika kuigawa maana. Na ikiwa hilo nalo ni kweli, basi darasa linalokataza Kiswahili kisisikike katika kipindi cha Kiingereza limejinyima chombo chake bora cha kufundishia Kiingereza chenyewe.

MICHEZO YA HERUFI

Tuanze na michezo inayochezwa kwa herufi, maana ndiyo inayopendwa sana na Waingereza. Mwaka 1879 jarida la Vanity Fair la London lilianza kuchapisha mchezo uliobuniwa na Lewis Carroll, mtunzi wa hadithi za Alice, ambaye kwa kazi yake ya kila siku alikuwa mhadhiri wa hisabati huko Oxford. Aliuita mchezo huo Doublets. Mchezaji hupewa maneno mawili yenye idadi sawa ya herufi, naye hutakiwa kuligeuza la kwanza liwe la pili kwa kubadilisha herufi moja tu kila hatua, na kila hatua sharti iwe neno halisi. Hivyo baridi hugeuka joto kwa hatua nne: 'cold', 'cord', 'card', 'ward', 'warm'.

Macho huona mabadiliko manne madogo. Sikio husikia jambo jingine kabisa. Kutoka 'cold' kwenda 'cord' irabu imebadilika, ingawa herufi o haikuguswa. Kutoka 'card' kwenda 'ward' irabu imebadilika tena, ingawa herufi a imebaki mahali pake. W iliyotangulia ndiyo iliyoigeuza. Kwa Kiswahili mchezo huu huwa tofauti. Ukitoka kwa 'kaka' ukapita kwenye 'kada' ukafika kwa 'dada', kila herufi uliyoibadilisha umeisikia, na kila uliyoiacha imebaki na sauti yake. Mchezo ni ule ule, lakini unapima mambo mawili mbalimbali: huku unapima umbali uliopo baina ya maandishi na matamshi, na huku hauna umbali wa kupima.

Tofauti hii inaonekana hata katika michezo ya kienyeji. Watu wa pwani wana mchezo wa kinyume, ambao mwisho wa neno huletwa mwanzo, 'nyumba' ikawa 'mbanyu' na 'maji' yakawa 'jima'. Kinachohamishwa hapo ni silabi, si herufi, na mtoto asiyejua kusoma huweza kuucheza vizuri kama mwenziwe aliyesoma. Mchezo wa Carroll hauwezi kuchezwa na asiyejua kusoma. Basi mwalimu anayeuleta darasani na ajue kwamba anafundisha tahajia. Hilo ni jambo jema, kwani tahajia ya Kiingereza inahitaji kila msaada upatikanao. Lakini tahajia si msamiati.

Ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili umetoka katika mchezo wa Scrabble, uliobuniwa katika miaka ya 1930 na Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani, ambaye alizihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue kila moja itokee mara ngapi. Kwa sababu hiyo sanduku la mchezo huu ni picha ya lugha ya Kiingereza: kati ya kete 100, E zimo 12, A zimo 9, na K imo moja tu. Mswahili akitaka kupanga neno dogo kama 'kaka' hawezi, ila kwa msaada wa kete tupu.

Sasa mwaka 2015 Nigel Richards, mchezaji kutoka New Zealand, alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa ilhali hakuwa akizungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri maneno ya kamusi ya mchezo, maumbo matupu yasiyo na maana. Tunastahili kulitafakari jambo hili kwa utulivu. Hapa tuna mtu aliyewashinda wenye lugha katika mchezo wa maneno ya lugha yao, na huenda asingeweza kuagiza chakula kwa lugha hiyo. Hatumlaumu, amecheza kwa mujibu wa sheria. Lakini wale wasemao kwamba Scrabble hujenga msamiati wana wajibu wa kutueleza ni msamiati gani huo ambao hauhitaji maana.

MZAHA WA SAMAKI

Upo mzaha mmoja wa tahajia ambao hurudiwa mno madarasani, nao ni wa neno 'ghoti'. Husemwa kwamba neno hilo lingeweza kutamkwa 'fish', kwa kuwa gh hutamkwa f katika 'enough', o hutamkwa i katika 'women', na ti hutamkwa sh katika 'nation'. Aghalabu mzaha huu hunasibishwa na George Bernard Shaw, aliyeshikilia sana marekebisho ya tahajia. Unasibishaji huo si sahihi. Mzaha wenyewe umeonekana katika barua iliyoandikwa mwaka 1855, na Shaw alizaliwa mwaka 1856.

Kama unavyosimuliwa, mzaha huu unafundisha kwamba tahajia ya Kiingereza haina sheria. Huo ni upotoshaji. 'Ghoti' haiwezi kamwe kutamkwa 'fish', na kila Mwingereza anayeliona neno hilo kwa mara ya kwanza hulitamka kwa g. Sababu ni kwamba gh haitamkwi f inapokuwa mwanzoni mwa neno. Hutamkwa hivyo mwishoni tu, au karibu na mwisho, na katika maneno machache. Ti haitamkwi sh inapokuwa mwisho wa neno. Sharti ifuatwe na irabu nyingine. Na o inayotamkwa i ni ya 'women' peke yake. Hivyo mzaha unachekesha kwa sababu umevunja sheria tatu kwa mkupuo mmoja, na mtu asiyezijua sheria hizo hana anachokicheka.

Hapa ndipo ilipo thamani yake. Mwalimu akiusimulia mzaha huu na kuishia hapo, amewapa wanafunzi sababu ya kukata tamaa. Akiwauliza kwa nini 'ghoti' haiwezi kuwa samaki, na akawaacha waitafute sababu katika maneno wanayoyajua, watazigundua kanuni ambazo orodha haikuwafunza. Watatoka na 'ghost' na 'ghetto' upande mmoja, na 'laugh', 'cough' na 'rough' upande wa pili. Msamiati wao haukuongezeka, umepangika.

AJABU ZA ASILI YA MANENO

Kundi jingine ni la visa kuhusu asili ya maneno. Hapa pana vito na pana vioo, na huuzwa katika duka moja.

Miongoni mwa vito ni neno 'nickname'. Zamani Waingereza walisema 'an ekename', yaani jina la nyongeza. Wasikilizaji wakaikata mahali pasipo pake, n ya kitangulizi ikahamia kwenye jina lenyewe. Kwa 'apron' mambo yalikwenda kinyume: lilikuwa 'a napron', na n ikanyang'anywa jina ikapewa kitangulizi. Mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kushangaa, kwani lugha yake imefanya hivyo mara nyingi. Neno la Kiarabu 'kitab' lina k ambayo ni sehemu ya shina lake, ile ile iliyomo katika 'katibu' na 'maktaba'; Waswahili waliisikia ki wakaidhania kiambishi, wakasema 'vitabu'. Dereva aliyeambiwa 'keep left' alipata 'kiplefti' na wingi wake 'viplefti'. 'Mudguard' ilipoingia gereji ikawa 'madigadi', na kwa kuwa ma ilisikika kama alama ya wingi, moja likawa 'digadi'.

Ajabu za namna hii zina faida kwa sababu chini yake mna kanuni: msikilizaji huyakata maneno kulingana na sarufi aliyo nayo kichwani. Mwanafunzi aliyeielewa kanuni hiyo ana ufunguo wa maneno mengi, si kisa cha neno moja.

Vioo navyo ni vingi. Husimuliwa kwamba 'posh' ni kifupisho cha maneno yaliyopigwa chapa katika tiketi za abiria matajiri wa meli za kwenda India, waliopewa vyumba vya upande usiochomwa na jua wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Hakuna ushahidi wa tiketi wala wa nyaraka unaoiunga mkono hadithi hiyo. Husimuliwa pia kwamba 'kangaroo' maana yake ni sijui, jibu walilopewa mabaharia wa James Cook mwaka 1770 walipouliza jina la mnyama yule huko Australia. Neno hilo kwa hakika ni la lugha ya Guugu Yimithirr, nalo ni jina la aina ya mnyama huyo. Uchunguzi wa mwanaisimu John Haviland katika miaka ya 1970 ulilithibitisha hilo. Hadithi ya sijui hupendwa kwa kuwa huwafanya wenyeji waonekane hawajui na wageni waonekane hawaelewi, nasi tulio katika nchi ambazo milima na mito yake iliandikwa majina na wapita njia tunapaswa kuwa wa mwisho kuirudia.

Wako watakaosema kwamba uongo unaosaidia kumbukumbu hauna madhara. Hatukubaliani nao. Kisa cha 'posh' humsaidia mwanafunzi kukumbuka neno moja, kisha humfunza kwamba maneno huzaliwa kwa herufi za mwanzo za maneno mengine, jambo ambalo lilikuwa nadra sana kabla ya karne ya 20. Atakwenda akitafuta vifupisho mahali pasipo na vifupisho.

Tupite upesi kwenye orodha za majina ya makundi, zile zinazowaita kunguru 'a murder' na bundi 'a parliament'. Nyingi za namna hii zina asili katika orodha za wawindaji na mabwana wa karne ya 15, mathalan zile zilizochapishwa katika Book of Saint Albans mwaka 1486, na hata wakati huo zilikuwa nusu mzaha. Mwingereza wa leo hazitumii isipokuwa katika chemshabongo. Lakini tusicheke sana, kwani vitabu vyetu vya Kiswahili navyo vimewakaririsha watoto thurea ya nyota na majina ya vikembe vya wanyama ambavyo mtahiniwa hatavitaja tena baada ya mtihani. Ajabu isiyofungua mlango wa neno la pili ni pambo, na pambo halilipiwi kwa saa za darasani.

PALE MZAHA UNAPOFIA

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja yetu. Kitendawili cha Kiswahili aghalabu hujengwa kwa taswira. Nyumba isiyo na mlango ni yai. Umbo la kitu kimoja limevishwa kitu kingine, na anayetegua hutazama kwa macho ya moyo. Kwa sababu hiyo vitendawili vyetu vingi hutafsirika. Yai halina mlango kwa lugha yoyote. Vitendawili vya mzaha vya Kiingereza, hasa vile vipendwavyo na watoto wa shule, hujengwa kwa namna nyingine. Hutegemea neno moja lenye maana mbili, na lugha isiyo na neno hilo hukiua kitendawili papo hapo.

Tuchukue mfano unaojulikana sana. Ni kitu gani ambacho kadiri 'it dries' ndivyo kinavyozidi kulowa? Jawabu ni taulo. Msemaji wa Kiingereza hutatizika kwa sababu kitenzi 'dry' humaanisha kupoteza maji, na pia kukiondolea maji kitu kingine. Jaribu sasa kukitega kwa Kiswahili. Ukisema kadiri kinavyokausha ndivyo kinavyolowa, umekwisha kutaja jawabu, maana kinachokausha wenzake huyabeba maji yao. Ukisema kadiri kinavyokauka ndivyo kinavyolowa, umesema uongo. Mfasiri ana njia mbili tu, ama kufichua ama kudanganya, na katika zote mbili kitendawili kimekufa.

Kimekufa wapi? Kimekufa baina ya 'kauka' na 'kausha'. Kiswahili kimeigawa kwa viambishi tamati kazi ambayo Kiingereza kimeiacha juu ya neno moja. Na mtu akiisha kuliona hilo katika 'dry', hawezi kuacha kuliona kwingine: 'boil' ni chemka na chemsha, 'break' ni vunjika na vunja, 'open' ni funguka na fungua, 'spill' ni mwagika na mwaga, 'melt' ni yeyuka na yeyusha, 'sink' ni zama na zamisha, 'tear' ni raruka na rarua. Mzaha mmoja wa taulo umeleta darasani jozi nane za vitenzi, pamoja na kanuni inayozifunga. Hakuna orodha iliyowahi kufanya hivyo kwa dakika kumi.

Tena kanuni hiyo inafaa zaidi pale Kiingereza kinapoivunja. Yako masalio ya mfumo wa kale ambao Kiingereza kilikuwa nao, uliotenganisha tendo la kufanya na tendo la kufanyika: 'raise' na 'rise', 'lay' na 'lie', 'set' na 'sit', 'fell' na 'fall'. Waingereza wenyewe huyachanganya, hususan 'lay' na 'lie'. Lakini mwanafunzi wetu ana inua na inuka, laza na lala, ketisha na keti, angusha na anguka. Lugha yake imemwandaa kuyapambanua maneno ambayo yanawashinda wenyewe, ila hakuna aliyemwambia hivyo. Hali kadhalika lugha yake itamtega mahali pengine. Kamba imekatika, husema Mswahili, na kwa mlinganisho huo mwanafunzi ataandika 'the rope cut', na Kiingereza kitamkatalia, kwa maana 'cut' haifuati mkondo wa 'break'. Kosa hilo si la uvivu. Ni la mtu aliyefuata kanuni mpaka mahali ambapo hakuna aliyemwonyesha mpaka wake.

Mfano wa pili ni mzaha wa kale wa mbwa asiye na pua. Mtu mmoja asema mbwa wake hana pua. Mwenziwe auliza, sasa 'how does he smell?' Mwenye mbwa ajibu kwamba vibaya sana. Kwa Kiswahili mwulizaji angelazimika kusema mbwa hunusaje, na jibu la vibaya sana lisingemchekesha mtu, kwa kuwa anayetoa harufu mbaya ananuka. Fauka ya hayo, kinachotoa harufu nzuri kinanukia, na anayeipata harufu pasipo kuitafuta huisikia. Palipo na 'smell' moja Kiswahili kina nusa, nuka, nukia na sikia harufu. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini mzaha umekataa kuvuka, atalazimika kuzihesabu maana hizo moja baada ya nyingine, na neno aliloliona jepesi katika darasa la tatu litampa kina kipya.

Mauti haya huenda pande zote mbili. Mtu aweza kumtungia mwenziwe kitendawili kwamba asubuhi alipiga hodi, akapiga pasi, akapiga picha, akapiga simu, na jioni hakuna aliyeumia. Kwa Kiingereza kila tendo hapo litakuwa na kitenzi chake, na kipigo kitakuwa kimetoweka. Wafasiri wanalijua tatizo hili vyema. Hadithi ya Carroll imefasiriwa kwa Kiswahili zaidi ya mara moja, kwanza ikiwa Elisi katika Nchi ya Ajabu mwaka 1940, na karibuni ikiwa Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu ya Ida Hadjivayanis mwaka 2015. Kila atakayeishika hadithi hiyo hukutana na 'tale' ambayo husikika kama 'tail', na 'lesson' ambayo husikika kama 'lessen', na hadithi haifanani na mkia wala somo halifanani na kupungua katika lugha yetu. Kwa mfasiri hilo ni tatizo la kutatua. Kwa mwalimu ni hazina, kwani mahali ambapo mfasiri anashindwa ndipo mwanafunzi ana jambo la kujifunza.

Huenda tukaambiwa kwamba mzaha ukielezwa huacha kuchekesha. Ni kweli. Lakini darasani hatukuja kucheka tu, na mzaha uliokufa mbele ya macho ya wanafunzi, wakajua umekufa kwa ugonjwa gani, umewafaa kuliko ule walioucheka kwa kumfuatiza mwalimu. Tutaambiwa pia kwamba si kila mwanafunzi wa Kenya ana Kiswahili kuwa lugha ya kwanza. Hilo nalo ni kweli, na halibatilishi hoja. Kikamba, Kigiryama na lugha nyingine za Kibantu nazo huunda vitenzi kwa viambishi tamati. Na pale lugha ya mtoto inapokuwa ya jamii nyingine, jaribio ni lile lile: mwambie ausimulie mzaha kwa lugha ya kwao, kisha msikilize wapi anapokwama.

KICHEKO KINAMWANGUKIA NANI?

Limebaki swali la kicheko chenyewe. Kipo kitendawili cha gazeti, kitu cheusi na cheupe kisha 'red' kote, au 'read' kote. Hakiandikiki, maana kalamu hukifichua. Husemwa kwa kinywa na kupokewa kwa sikio. Hutegemea irabu moja iliyo sawa katika maneno mawili. Ikumbukwe kwamba Kiswahili kina irabu tano, na matamshi ya Kiingereza yaliyowekwa kuwa kipimo shuleni huhesabiwa kuwa na irabu 20 hivi, pamoja na zile za mwambatano. Basi msemaji wa Kiswahili huzigawia irabu hizo nyingi katika nyumba zake tano. 'Bad', 'bud' na 'bird' huweza kukutana katika nyumba moja, na 'hat', 'hut' na 'heart' katika nyumba hiyo hiyo.

Matokeo yake hayajachunguzwa inavyostahili. Mwanafunzi wetu ana maneno mengi yenye sauti sawa kuliko aliyonayo Mwingereza, na kwa hiyo ana mizaha mingi kuliko Mwingereza. Kila shule ya bweni ina mizaha yake ya namna hii, ambayo wanafunzi huambiana usiku na ambayo Mwingereza asingeielewa, kwani kwake maneno hayo hayafanani. Walimu huiita ujinga. Sisi twaiona kuwa ni ushahidi wa mfumo wa sauti unaofanya kazi barabara, na ndiyo mahali pa kuanzia somo la matamshi: tafuta mizaha ambayo hapa inachekesha na kule haichekeshi, nawe umepata orodha ya sauti zinazohitaji kufundishwa.

Badala yake, kwa miaka mingi kicheko kimemwangukia mwanafunzi. Katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi shuleni kwao, baada ya kutangazwa kwa hali ya hatari mwaka 1952, kifungo kilivyopewa mtoto mmoja ili amkabidhi atakayemsikia akisema lugha ya mama, naye amkabidhi mwingine, na jioni aliyekutwa nacho ataje aliyempa, mpaka wakosaji wote wa siku hiyo wajulikane. Vifaa vya namna hiyo vimetumika katika shule nyingi, kwa majina mbalimbali na kwa muda mrefu. Tukikitazama kwa jicho la mhakiki, huo nao ulikuwa mchezo wa maneno: una kete, una zamu, una sheria, una mshinde. Ila tofauti na michezo mingine tuliyoijadili, haukumfunza mchezaji neno hata moja. Ulimfunza kumsikiliza mwenziwe ili amkamate. Kiswahili hukiita kidude kile cha shati kifungo, na adhabu ya jela nayo kifungo. Ni mzaha ambao Kiingereza hakiwezi kuusema.

Twaeleza haya kwa sababu wako wanaodhani kwamba kuleta mizaha ya Kiingereza darasani, na kuendelea kukipiga Kiswahili marufuku mlangoni, ni mageuzi. Si mageuzi. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kuitaja 'kauka' na 'kausha' hana njia ya kujua taulo linachekesha kwa nini. Atacheka kwa kuwa mwalimu amecheka, na kicheko cha namna hiyo ni aina nyingine ya kukariri.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba michezo ya maneno haistahili kusifiwa wala kukataliwa kwa jumla. Mchezo unaoweza kushindwa na mtu asiyejua maana, ufaao hasa kwa tahajia, utumiwe kwa tahajia. Ajabu ya asili ya neno ipimwe kwa maswali mawili: je, ni kweli, na je, inafungua mlango wa neno la pili? Mzaha wa maana mbili utafsiriwe kwa makusudi, na mahali utakapofia pachimbwe.

Kazi iliyobaki ni ya idara zetu. Ingefaa ikusanywe mizaha ya Kiingereza ipendwayo shuleni, kisha kila mmoja ujaribiwe katika Kiswahili na katika lugha nyingine za nchi hii, na ionyeshwe kwa kila lugha ni kiambishi gani, irabu ipi au mgawanyo upi wa maana uliouzuia usivuke. Pia ikusanywe mizaha ya wanafunzi wenyewe, ile ya bwenini, kabla haijasahauliwa. Kazi hiyo haihitaji maabara wala fedha nyingi. Yahitaji tu mwalimu aliye tayari, wanafunzi wake wanapocheka nyuma ya darasa, kuwauliza wanacheka nini, na kuwaacha wajibu kwa lugha yoyote inayowajia.